Nani? Lini? Maswali mawili kabla ya kusahihisha



Juma lililopita, baada ya Misa, mama mmoja wa hapa Misisi alinisimamisha mlangoni mwa kanisa, akanionyesha daftari la binti yake wa darasa la nane. Kurasa zake zilikuwa nyekundu kwa wino wa mwalimu. Akaniambia, «Mwalimu, mimi sikusoma Kiingereza. Lakini nikitazama naona kosa ni lile lile toka mwanzo hadi mwisho. Kila mahali mmeongeza mdudu mmoja aliyepinda kama ndoana. Sasa niambie: mtoto wangu ni mjinga, ao mdudu huyu ndiye mgumu?»

Mdudu yule ni herufi «s». Nilimjibu kwamba binti yake si mjinga hata kidogo, nikamwahidi kueleza jambo hili katika gazeti ili wazazi wengine nao wasikie. Leo natimiza ahadi. Tena nitawaambieni kosa nililolifanya mimi mwenyewe katika kusahihisha, kwa maana kosa la mwalimu huumiza kuliko la mwanafunzi.

Wengine watauliza: Kiingereza chatufaa nini sisi watu wa Fizi, tuliofundishwa kwa Kifaransa? Neno hili lina jibu. Tarehe 8 Aprili 2022 nchi yetu ilitia sahihi mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wa Jumuiya hiyo, ulipoandikwa mwaka 1999, uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa lugha ya kuwaunganisha watu. Hata kabla ya hapo, ziwa letu la Tanganyika halikutugawa na Kigoma. Bidhaa zapita, ndugu wapita, na karatasi za bidhaa hizo mara nyingi zimeandikwa Kiingereza. Kijana asiyeweza kuzisoma atasomewa na mwingine, naye anayesomewa hana njia ya kujua kama amesomewa yote.

Basi tuanze na yule mdudu.

Kazi ya «s»

Katika Kiswahili neno la tendo, ndilo kitenzi, hupatana na mwenye kutenda. Twasema: mtoto anasoma, watoto wanasoma, mti umeanguka, miti imeanguka, kisu kimekatika, visu vimekatika. Alama ya upatanisho imekaa mbele ya kitenzi, kama mlinzi mlangoni. Asikiaye hujua mara moja nani anatajwa, hata kabla ya kusikia tendo lenyewe.

Kiingereza nacho kina upatanisho, lakini ni maskini sana kando ya Kiswahili. Katika wakati uliopo, vitenzi karibu vyote vina alama moja tu, nayo hukaa mwisho. Mimi, wewe, sisi, ninyi na wao, wote hutumia kitenzi kitupu: «I dig», «you dig», «we dig», «they dig». Mtu mmoja peke yake ndiye apewaye alama: yeye, yaani mmoja tunayemtaja, asiye mimi wala wewe. Huyo ndiye mwenye «s»: «he digs», «she sells», «the rain falls». Basi, kanuni ni hiyo tu. Yaandikwa katika mstari mmoja, na bado watoto huanguka juu yake miaka mitatu au minne. Kwa nini?

Nimefundisha kwa muda sasa, nami naona sababu tatu, wala uvivu si mojawapo.

Sababu ya kwanza yatoka katika Kiswahili chetu. Mtoto amezoea kutazama mbele ya kitenzi. Sikio lake humngoja mlinzi mlangoni. Kiingereza kimemweka mlinzi nyuma ya nyumba, na mtoto hupita bila kumwona.

Sababu ya pili yatoka katika Kifaransa. Kwa Kifaransa mtoto huandika «il parle» na «ils parlent», lakini masikioni maneno haya mawili ni mamoja. Herufi za mwisho huandikwa, hazitamkwi. Kwa miaka mingi amefundishwa kwamba mwisho wa kitenzi ni kwa jicho, si kwa ulimi. Akifika kwenye Kiingereza, husoma «she sells» kama «she sell», na jambo asilolitamka halimkai moyoni. Tena «s» ya Kifaransa humfuata «tu», yaani wewe. Ndiyo maana nasahihisha kila siku «you speaks». Mtoto yule hakukosa akili; ameitii sheria ya nyumba moja akiwa ndani ya nyumba nyingine.

Sababu ya tatu yatoka katika Kiingereza chenyewe. Siku ya kwanza mwalimu alimfundisha kwamba «s» ni alama ya wingi: «boy» ni mvulana mmoja, «boys» ni wavulana wengi. Mwezi wa pili mwalimu yule yule anamwambia kwamba kitenzi cha mmoja ndicho chenye «s», na cha wengi hakina. Mtoto mwenye kufikiri hukataa. Huona wengi wana «s», basi na kitenzi chao kiwe nayo. Akaandika «the boys digs». Kosa hili ni la mtoto mwenye akili. Mpongezeni kwanza, kisha mwambieni hivi: fikiri kwamba «s» ni jembe moja katika nyumba ya watu wawili. Jina likilichukua, kitenzi kitakaa bila. Jina likiliacha, kitenzi kitalichukua. «The boy digs». «The boys dig». Mfano huu una mipaka, kwa maana wako wengi wasio na «s», kama «people», «men» na «children». Hao ni wengi ingawa jembe halionekani, na twasema «people sell», «children play». Lakini kwa mwanzo mfano unafaa.

Vijana, shikeni na mambo mengine matatu madogo.

La kwanza: mtafuteni mwenye tendo hasa, msidanganywe na jirani yake. Kwa Kiswahili safi twasema «mfuko wa maharagwe umepasuka», hatusemi «yamepasuka», kwa sababu kilichopasuka ni mfuko. Kiingereza hufanya vivyo hivyo: «The sack of beans is heavy.» Maharagwe ni mengi, lakini mfuko ni mmoja.

La pili: wawili waliounganishwa ni wengi. Mama na dada wanauza: «My mother and my sister sell flour.» Hapo «s» haina nafasi.

La tatu: kitenzi kikitanguliwa na kisaidizi, kisaidizi ndicho huchukua mzigo. «She sells» hugeuka «she does not sell». Ile «s» imehamia kwenye «does», haiwezi kukaa mahali pawili. Na visaidizi kama «can», «must» na «will» havichukui «s» kamwe: «he can dig». Hata Kiswahili hufanya hivyo: twasema «aweza kuchimba», wala hatusemi «aweza achimba».

Msiwacheke waliorudi

Hapa nataka kusema neno juu ya usemi wetu wa hapa. Sokoni Misisi twasikia «mti inaanguka», «mfuko ya maharagwe iko nzito». Usemi huu siudharau. Ndio tuliopigia soga na mama zetu, nao una kanuni zake. Lakini upatanisho umepungua ndani yake, na mtoto asiyesikia upatanisho nyumbani hupata shida zaidi anapoukuta katika lugha ngeni.

Wapo katikati yetu watoto waliozaliwa au kukulia ng'ambo ya ziwa, hasa katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 wakati wa vita. Wamerudi na Kiswahili cha Tanzania, wakisema «mfuko umepasuka» na «miti imeanguka», na wenzao huwacheka na kuwaita Watanzania. Nawasihi wazazi, komesheni dhihaka hii. Watoto hao wamekuja na mali. Kadhalika bibi anayesema Kibembe jikoni ana mali ile ile, maana Kibembe nacho, kama lugha zote za jamaa yake, humlinganisha mwenye tendo na tendo lake. Mtoto anayemsikiliza bibi yake amekwisha kujifunza upatanisho kabla ya kumwona mwalimu.

Wala si jambo jipya kwamba wakimbizi warudi na lugha iliyotengenezwa vizuri. Katika zamani za Malkia Elizabeth wa Kwanza, mapadri Wakatoliki wa Uingereza walikimbia nchi yao kwa sababu ya dini. Mwaka 1568 William Allen alianzisha chuo kwa ajili yao katika mji wa Douai, ulio leo kaskazini mwa Ufaransa. Na kwa miaka kadhaa, kuanzia 1578, chuo kilihamia Reims. Huko ugenini padri Gregory Martin aliifanya sehemu kubwa ya kazi ya kutafsiri Biblia kutoka Kilatini kwa Kiingereza. Agano Jipya lilipigwa chapa Reims mwaka 1582, mwaka ule ule aliofariki yeye. Agano la Kale likapigwa chapa Douai mwaka 1609 na 1610. Biblia ile ya wakimbizi iliwalisha Wakatoliki wasemao Kiingereza kwa karne nyingi.

Nao waliofungua kurasa zake hawakumkuta huyu mdudu wetu mahali alipo leo. Siku zile vitabu vya heshima viliandika nafsi ya tatu kwa mwisho wa «-eth», wakasema «he giveth» pale tusemapo «he gives». Ule mwisho wa «s» ulikuwa usemi wa watu wa kaskazini mwa Uingereza; ulishuka kusini polepole, na katika karne ya 17 ukawa umeshinda. Miisho mingine mingi imekufa. «Wewe» wa zamani alikuwa na mwisho wake, na hata leo Wakatoliki wasalipo Baba Yetu kwa Kiingereza hutumia neno «art», ambalo ni upatanisho wa zamani wa «wewe». Basi, «s» ni kama mzee mmoja aliyebaki katika ukoo uliokuwa mkubwa. Tumheshimu, maana yuko peke yake.

Swali la pili: lini?

Upatanisho huuliza: nani? Lakini kitenzi kina swali jingine: lini? Hapa Kiswahili ni mwalimu mzuri kuliko Kifaransa, wala msiache kukitumia. Tazameni mfano wa mama muuza unga.

Mama huuza unga, yaani ndiyo kazi yake: «My mother sells flour.»
Mama anauza unga sasa hivi, nendeni mtamkuta: «My mother is selling flour.»
Mama ameuza unga, mfuko ni mtupu: «My mother has sold flour.»
Mama aliuza unga jana: «My mother sold flour yesterday.»
Mama atauza unga kesho: «My mother will sell flour tomorrow.»

Watoto wetu huchanganya mstari wa kwanza na wa pili, wakaandika «my mother is selling flour every day». Sababu ni kwamba hapa kwetu ile «hu-» ya desturi haisikiki sana. Lakini tuna yetu! Sisi husema «mama anauzaka unga», «baba anaendaka kwa mashamba». Ile «-ka» ya mwisho ndiyo desturi yenyewe. Basi, mwambieni mtoto: pale ambapo nyumbani ungesema «anauzaka», Kiingereza husema «sells», pale ambapo ungesema «anauza» tu, huku ukimwonyesha kwa kidole, Kiingereza husema «is selling». Nilipowaambia hivi wanafunzi wangu, darasa zima liliangua kicheko, kwa maana hawakutarajia kumsikia mwalimu akiandika «anauzaka» ubaoni. Lakini toka siku ile kosa limepungua.

Mstari wa tatu na wa nne nao huchanganywa, na hapo Kifaransa ndicho kinachotupotosha. Kwa Kifaransa twaweza kusema «elle a vendu hier». Mtoto hugeuza neno kwa neno, akapata «she has sold yesterday». Kiingereza hukataa. Ukitaja siku iliyopita, chukua «sold», acha «has».

Tena sikilizeni faida moja. Katika mistari mitano hii, swali la «nani» limeulizwa mara tatu tu: katika «sells», «is» na «has». Katika «sold» na «will sell» Kiingereza hakiulizi tena nani. Mimi, wewe, yeye na wao, wote ni «sold». Katika wakati uliopita mmoja tu ndiye bado huuliza, naye ni «was» kwa mmoja na «were» kwa wengi. Na «you», hata akiwa mmoja, huchukua «were».

Na katika kukanusha, wakati huhama. Kwa Kiswahili, «aliuza» hugeuka «hakuuza». Ile «-li-» imeondoka, «-ku-» imechukua kazi. Kwa Kiingereza, «she sold» hugeuka «she did not sell». «Did» imeubeba wakati uliopita, basi «sell» hurudi kuwa tupu. Anayeandika «did not sold» amembebesha wapagazi wawili mzigo mmoja.

Kosa langu

Sasa nafika kwenye lile nililoahidi kuungama.

Katika seminari ndogo nilikosoma, padri mzee aliyetufundisha Kilatini alikuwa na desturi moja. Kabla hatujagusa kitenzi chochote, alitaka tumjibu maswali mawili: nani, na lini. Asiyejibu hakuruhusiwa kutafsiri. Nilidhani desturi ile imeniingia hata mifupani.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mgeni katika shule moja ya wilaya hii, niliwapa vijana wa darasa la nane kazi ya kuandika mistari kumi juu ya jamaa zao. Mvulana mmoja aliandika: «My father dig gold.» Niliona kosa la upatanisho. Baba ni mmoja, ni yeye. Kitenzi kinataka «s». Nikachukua wino mwekundu, nikaandika «digs», nikaendelea na daftari jingine. Kazi ya nusu dakika.

Kesho yake niliwaita wasome kwa sauti yale yaliyosahihishwa. Mvulana yule akasimama. Alisoma mstari wa kwanza, akafika kwenye wa pili, akasema «My father», akanyamaza. Nikamhimiza. Akanyamaza. Nikadhani ni ukaidi, nikamwambia asome kama nilivyoandika. Akasoma kwa sauti ya chini, «My father digs gold», akaketi, akainamisha kichwa juu ya meza. Ndipo msichana aliyeketi nyuma yake akasema polepole, «Mwalimu, baba yake alishakufa. Shimo lilimufunika wakati wa mvua.»

Wazazi wapendwa, nilikuwa nimeuliza «nani», sikuuliza «lini». Mtoto aliandika «dig» kwa sababu hakujua bado kwamba wakati uliopita wa neno hilo ni «dug». Alikuwa njia panda, na mimi nilimsukuma katika njia isiyo yake. Tena nilimlazimisha kusema mbele ya wenzake kwamba baba yake bado anachimba.

Siku nne hakuja shuleni. Nikasikia kwamba rafiki zake wamemchukua kuosha mchanga machimboni. Ninyi wa Misisi mwajua jambo hili linavyoanza. Leo ni siku nne, kesho ni mwezi, na baadaye daftari hufungiwa chumvi sokoni. Jioni ya siku ya nne nilikwenda kwao. Mama yake alikuwa akichekecha unga wa muhogo. Nikamwambia, «Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilimkosea mtoto wako.» Nikamweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, «Mwalimu, toka siku ya mazishi mtoto huyu hajamtaja baba yake kwa mtu, hata kwangu. Kumbe alikuwa akimwandika kwa Kiingereza.»

Mvulana mwenyewe alirudi machweo, miguu imejaa tope jekundu. Nilimwomba radhi yeye pia, mbele ya mama yake. Tukakaa juu ya kinu kilicholazwa, nikachukua daftari, nikafuta ile «s» yangu, nikamfundisha: «dig», «dug». Akaandika: «My father dug gold.» Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia. «Mwalimu, na mahali pengine niandike namna gani? He is my father, ao he was my father?»

Kanuni za sarufi zingeruhusu yote mawili. Lakini nilimjibu hivi: kazi yake imepita, basi andika «he was a digger». Ubaba wake haukupita, basi andika «he is my father».

Naye aliandika hivyo. Jumatatu alirudi darasani.

Mungu wa walio hai

Sikubuni jibu lile mwenyewe. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 22, Masadukayo, waliokana ufufuko wa wafu, walimjia Bwana wetu kumjaribu. Naye aliwakumbusha Mungu alivyojitaja kwa Musa, kwamba ni Mungu wa Abrahamu, wa Isaka na wa Yakobo. Hao watatu walikuwa wamekufa zamani sana. Na bado Mungu hakusema kwamba alikuwa Mungu wao. Alisema yeye ni Mungu wao. Basi Bwana wetu akahitimisha kwamba Mungu si wa wafu bali wa walio hai. Hoja yote yasimama juu ya wakati wa kitenzi kimoja. Asiyejali nyakati za vitenzi angeipita sura ile bila kuona kitu.

Kwa hiyo msidhani kwamba sarufi ni kazi ya kutesa watoto. Ni adabu ya kusema kweli. Upatanisho watutaka tumtambue mtu tunayemtaja: ni mmoja au wengi, ni mimi au yeye. Wakati watutaka tutambue lililokwisha, lililopo na litakalokuja. Anayekosa katika hayo mawili aweza kusema uongo bila kukusudia, kama nilivyofanya mimi kwa herufi moja.

Kazi ya juma hili

Wazazi msiojua Kiingereza, msiseme hamwezi kusaidia. Fanyeni haya matatu.

Kwanza, jioni baada ya chakula, mtoto asome kwa sauti mistari mitano ya daftari lake. Kila aonapo «s» mwisho wa kitenzi, lazima isikike masikioni mwenu. Hamhitaji kujua maana. Sikilizeni tu mlio. Ulimi ukizoea, mkono hufuata.

Pili, mpeni sentensi ya Kiswahili cha nyumbani kuhusu kazi yenu ya siku ile, naye aigeuze. Mama anauzaka, mama anauza, mama ameuza, mama aliuza, mama atauza. Vitenzi vitano kwa siku, kwa siku sita, ni thelathini. Haba na haba hujaza kibaba. Nanyi vijana, angalieni: methali zetu nyingi hutumia «hu-» hiyo hiyo, na Kiingereza nacho huandika methali katika wakati ule wa «sells».

Tatu, kabla ya kumkaripia mtoto kwa kosa lolote, la daftari au la nyumbani, mwulizeni kwanza: nani? lini? Mara nyingi mtagundua kwamba alikuwa akitaka kusema jambo jingine kabisa. Nasi walimu tufanye vivyo hivyo kabla ya kufungua kizibo cha wino mwekundu.

Yule mama wa mlangoni mwa kanisa na asome ukurasa huu pamoja na binti yake. Jibu langu kwa swali lake ni hili: mdudu ni mgumu kidogo, lakini hushindwa na mtoto anayesikilizwa.

Katika sala zenu za jioni, msiwasahau waliofunikwa na mashimo ya nchi hii, wala watoto wao walio madarasani mwetu. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuandika barua kwa mkubwa.

Ni mimi Mwalimu wenu, Misisi.